Nauli ya teksi inapigwaje? Kijiwe, mita na apu: tuwekeane hesabu mezani

#1 Usukani wa Kale

Wakuu habari za jioni.

Juzi kwenye mjadala wa usafiri wa Dar mdau mmoja kasema madereva teksi "wanaangalia viatu vya mteja halafu wanataja bei". Watu wakampigia makofi, na wengine wakaongeza kwamba afadhali teksi za mtandaoni kwa sababu kule ni kompyuta, haimwonei mtu. Mimi nimekaa kijiwe (kituo cha teksi za mtaani) miaka, nikahamia mtandaoni kwenye apu za simu, na siku hizi gari langu analo kijana ananiletea hesabu ya kila siku. Nauli nimeila kwa mikono yote mitatu. Nieleze inavyopigwa, na mwenye kupinga apinge kwa namba.

Nianze na kijiwe, maana huko ndiko watu wanadhani hakuna hesabu yoyote.

Dereva wa kijiweni akikuuliza "unaelekea wapi?" hapigi kilomita za kwenda peke yake, anapiga na za kurudi. Vijiwe vina wenyewe. Dereva wa Mwenge akikushusha Posta, katikati ya jiji, hawezi kupaki pale akaanza kuokota abiria mbele ya watu waliopanga zamu tangu alfajiri, watamtoa. Kwa hiyo labda apate kichwa, yaani abiria, cha kupunga mkono njiani, vinginevyo anarudi mtupu. Mchana Posta kuna dalili ya kupata. Ukimwambia Bunju au Chanika, pembezoni mwa jiji, saa nne usiku, dalili hakuna, na mafuta ya kurudi yanaingia kwenye bei yako. Ndiyo maana safari mbili za urefu uleule zinaweza kupishana sana na dereva asiwe mwizi.

Cha pili ni kusubiri. Teksi ya kijiwe inaweza kukaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri haijapata kitu. Abiria wa kwanza akitokea, anakutana na dereva ambaye hesabu ya tajiri (pesa ya siku ya mwenye gari) haijatimia hata robo. Abiria analipia kukaa kwa gari bila kujua.

Kisha yanakuja ya barabara: vumbi na mashimo ya kuingilia ndani, mvua, foleni, mzigo wa kupakia hadi kiti cha mbele. Kila kimoja kina bei yake kichwani, na wakongwe wa kijiwe kimoja mkiwauliza mmoja mmoja bila kusikilizana mtashangaa wanavyokaribiana.

Na viatu? Vipo, sikatai. Aliyeshuka na sanduku lenye karatasi ya ndege bado imening'inia anatajiwa bei ya juu kwa sababu hajui bei ya kawaida. Bei ya kijiwe inaanza juu kwa makusudi kwa sababu kila mtu anajua utashusha.

Sasa mita. Huku kwetu teksi nyingi za mtaani hazikuwahi kuishi na mita, lakini hesabu ya apu imetoka huko, hivyo inafaa kuijua. Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn alitengeneza kifaa hicho mwaka 1891, na 1897 Daimler wakampelekea mteja wa Stuttgart gari la kwanza la injini lililofungwa mita kwa ajili ya biashara ya teksi. Ndani yake kuna mambo mawili tu: kinachohesabu mizunguko ya tairi, na saa. Tairi ikizunguka, namba inapanda. Tairi ikisimama, saa inachukua zamu.

Apu inafanya hivyohivyo ila inajumlisha. Ina pesa ya kuanzia, inaongeza bei ya kilomita mara kilomita, inaongeza bei ya dakika mara dakika, halafu inaweka kiwango cha chini ili usipande mita mia tano ukalipa mia tatu. Juu ya hapo, wateja wakizidi magari, jumla nzima inazidishwa.

Tuchukue viwango vya mfano ili tusigombanie kampuni: kuanzia 1,000, kilomita 600, dakika 80. Mwenge hadi Posta tuseme kilomita 11.

Usiku barabara nyeupe, dakika 25: 1,000 + 6,600 + 2,000 = 9,600.
Jioni foleni, saa nzima: 1,000 + 6,600 + 4,800 = 12,400.

Abiria anaona jioni ameliwa 2,800 zaidi. Sasa kaa kiti cha dereva. Usiku kapata 9,600 kwa dakika 25. Jioni kapata 12,400 kwa dakika 60. Kwa saa moja ya kazi usiku unaelekea elfu ishirini na tatu, jioni ni hiyohiyo kumi na mbili na mia nne. Foleni mnayosema inamnufaisha dereva ndiyo inayomuua. Na ndiyo maana saa kumi na moja jioni unaita gari, linakubali, halafu haliji.

Hoja yangu ni moja. Nauli hailipii kilomita ulizokaa wewe tu. Inalipia kilomita zote gari linazotembea na dakika zote linazosimama. Kijiwe kinakulipisha zile tupu waziwazi, apu inajifanya hazipo. Lakini zipo, na kuna mtu anazilipa.

Nawasilisha.

#2 Kibao cha Mbuzi

Naweka kambi hapa. Waiteni na abiria wenzangu waje.

#3 Binti wa Tegeta

Kaka Usukani umeeleza vizuri lakini umewapendelea wenzio.

Mimi abiria nisiye na gari. Kwenye kijiwe cha mtaani kwetu bei ya kunifikisha Mwenge ilikuwa inategemea nani yupo. Huyu elfu kumi na tano, yule ishirini, mwingine "dada we toa unachoona sawa", nikitoa ananuna. Unasema wanakaribiana; labda wakiulizwa na mwanaume. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni saa tatu usiku bei inaanzia mawinguni, maana anajua sina pa kwenda.

Apu ilivyokuja nilishukuru kwa jambo moja tu, naiona bei kabla sijafungua mlango. Siyo lazima iwe ndogo. Niijue.

Ila na huko nako kumeharibika. Unaita, dereva anapiga simu: "Unaelekea wapi?" Unamwambia. "Unalipa keshi au kadi?" Unamwambia. Kimya. Halafu: "Dada futa tu." Nifute mimi, kwa sababu akifuta yeye anaharibiwa rekodi. Hiyo nayo ipo kwenye fomula yako?

#4 Usukani wa Kale

Dada Tegeta, ipo tena katikati kabisa.

Akikuuliza unaelekea wapi anatafuta kilekile cha kijiweni: je, nikifika huko nitapata kichwa cha kurudi? Kwa apu, kilomita ya kwenda kwako na kilomita ya kwenda Sinza ni bei ileile. Kwa dereva si sawa. Kijiweni angekuongezea, huku hawezi kuongeza, basi anakukimbia. Keshi au kadi ni kwa sababu pesa ya kadi inakaa kwa kampuni kabla ya kumfikia, na mafuta anayahitaji leo.

Na kuna kilomita nyingine hujaziona kabisa: za kukufuata ulipo. Ukiwa umeingia ndani ya Goba huko, gari linatoka barabara kubwa linakuja kilomita tatu nne, unapanda unakwenda kilomita mbili. Amelipwa mbili, ametembea sita.

Hilo la mwanamke usiku sina utetezi.

#5 Mhasibu Mchovu

Nimeuona uzi nikashindwa kujizuia. Nichukue safari ya jioni ya mkuu, 12,400, tuifuate hadi mfukoni mwa dereva.

Kamisheni tuseme asilimia 25: inatoka 3,100. Inabaki 9,300.

Gari ni Toyota IST, kwenye foleni tuseme linakula lita moja kwa kilomita 11. Petroli tuweke 3,000 kwa lita kwa urahisi wa hesabu (EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, badilisha namba mwenyewe). Kilomita 11 za abiria, jumlisha 6 tupu za kumfuata na kujisogeza, zinakuwa 17. Hiyo ni lita moja na nusu na ushee, 4,636.

Imebaki 4,664.

Hapo bado bando, kuosha gari, maegesho na ile ya "afande". Hesabu ya tajiri tuseme 25,000 kwa siku. Gawanya: safari tano za namna hii bado hazijatimiza, ya sita ndiyo inayovuka. Safari sita za saa nzima, ongeza muda wa kusubiri katikati, saa nane au tisa zimeisha ndipo dereva anaanza kununua unga wa kwake.

Sasa rudisha kamisheni iwe 15. Inatoka 1,860, inabaki 10,540, toa mafuta unapata 5,904. Hesabu inatimia katika safari ya tano. Hiyo asilimia kumi inayoonekana ndogo ni karibu safari nzima kwa siku.

Ndiyo maana ule mvutano wa 2022 ulikuwa mkubwa vile. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, walipanga nauli za teksi za mtandaoni na kuweka ukomo wa kamisheni asilimia 15. Uber wakasimamisha huduma Tanzania mwezi Aprili mwaka huo, Bolt wakabaki na wateja wa makampuni kuanzia Agosti. Mwaka uliofuata mamlaka ikaurejea uamuzi, ukomo ukapandishwa hadi 25, wote wakarudi barabarani. Nani alishinda, hesabu hiyo hapo juu.

#6 Nyuki Mkali

Mhasibu umesahau gari la gesi badala ya petroli. Waliofunga mtungi hesabu yao si hiyo. Mafuta yanashuka hadi karibu nusu.

#7 Mhasibu Mchovu

Sijasahau, nilikuwa naogopa kuja kukesha hapa. Gesi inapunguza sana, kweli. Lakini ongeza gharama ya kufunga mfumo, ongeza muda wa kupanga foleni kituoni (dakika hizo nani analipa?), na ondoa abiria wa uwanja wa ndege mwenye masanduku mawili, maana buti limejaa mtungi.

Halafu angalia kilichotokea: waliofunga gesi wakaweza kukubali safari za bei ndogo, wa petroli wakalazimika kufuata bei ileile. Unafuu wa gesi haukukaa kwa dereva muda mrefu.

#8 Shaba ya Umoja

Salamu kutoka Nairobi, ndugu zangu.

Haya mnayoongea sisi tuliyapitia mapema. Uber waliingia huku Januari 2015. Mwanzoni kilomita ilikuwa shilingi 60 za Kenya na dakika 4. Katikati ya 2016 wakashusha kilomita hadi 35 na dakika 3. Siku moja tu, programu ikajisasisha, ukaamka unafanya kazi ileile kwa karibu nusu. Wakaambiwa madereva: msijali, bei ikishuka wateja wataongezeka, gari halitakaa bure. Na wateja waliongezeka kweli! Lakini gari linalotembea muda wote linakula tairi na breki muda wote. Migomo ikaanza, na mapema 2017 ikapandishwa hadi 42.

Serikali nayo kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ikatoa kanuni za mwaka 2022, kamisheni isizidi asilimia 18. Karatasi nzuri. Sasa ukiweka ukomo kwenye kamisheni bila kuweka sakafu kwenye bei ya kilomita, kampuni inashusha bei kufuata mshindani, na asilimia 18 ya kidogo inabaki kidogo, na asilimia 82 ya kidogo pia ni kidogo.

Ndipo 2024 madereva wakaamua kujipangia. Wakachapisha chati yao ya bei, wakaifunga kwa plastiki, wakaining'iniza nyuma ya kiti. Unaingia na bei ya apu, dereva anakuonyesha chati: "Boss, hiyo bei ya simu haitoshi mafuta, tunafuata hii, ama uite mwingine." Wateja walikasirika. Lakini ukiisoma ile chati, ilikuwa ni kijiwe kimerudi, safari hii kimeandikwa.

#9 Kibao cha Mbuzi

"Kijiwe kimeandikwa" 😂 nimeipenda hiyo.

#10 Mkazi wa Bronx

Nimekaa New York miaka kadhaa, rafiki yangu anaendesha ile teksi ya njano. Niwape kanuni yao kwa sababu ni tofauti kidogo na ya apu.

Tangu Desemba 2022 mita inaanza na dola 3. Kisha senti 70 kwa kila sehemu ya tano ya maili kama gari linakwenda zaidi ya maili 12 kwa saa, AU senti 70 kwa kila sekunde 60 kama linajikongoja chini ya hapo au limesimama. Ni moja au nyingine, hazijumlishwi. Kuna nyongeza ya dola 2.50 saa za jioni siku za kazi, dola moja usiku, na tozo za mji ambazo tangu Januari 2025 zimeongezewa senti 75 kwa anayeingia katikati ya Manhattan. Uwanja wa ndege wa JFK kwenda Manhattan mita haitumiki hivyo, ni dola 70 moja kwa moja bila kujali foleni, ukiacha tozo.

Angalieni ujanja wa hiyo 12. Kwa mwendo wa maili 12 kwa saa, dakika moja unakwenda sehemu ya tano ya maili kamili. Kwa hiyo hapo saa na tairi zinalipa sawa, na chini ya hapo saa inachukua usukani. Maana yake mita yenye abiria haishuki kamwe chini ya dola 42 kwa saa, hata gari likiwa limeganda kwenye daraja. Dereva hana sababu ya kuikimbia foleni.

Nimepitisha mfano wa mzee Usukani kwenye kanuni hii. Maili 12 ni kilomita 19 na kidogo, yaani mita 320 kwa dakika. Kwa kilomita ya 600 inakuwa 192 kwa dakika. Safari ya jioni ya saa nzima, kama foleni ni ya mfululizo: 1,000 + 11,520, jumla 12,520. Karibu sawa na apu yenu. Safari ya usiku: 1,000 + 6,600, jumla 7,600 badala ya 9,600.

Kwa hiyo kwa viwango hivyohivyo, abiria wa usiku angeokoa elfu mbili, na wa jioni angeongeza 120 tu. Apu inatoza dakika hata pale gari linapokimbia, wakati kilomita zimeshamlipa dereva. Hili sijaona mtu akililalamikia huko nyumbani.

#11 Usukani wa Kale

Mkazi wa Bronx, hiyo elfu mbili umeniuma nayo, lakini ni kweli.

Ila tofauti iko pale gari linaposimama kabisa. Apu ya mfano wangu inatoa 80 kwa dakika, mita yenu 192. Mtu akikwambia "nisubiri hapa nachukua mzigo", dakika 15 kwa apu ni 1,200. Kijiweni mteja akisema nisubiri robo saa tunaongea elfu tatu, na hakuna anayeshangaa.

#12 Binti wa Tegeta

Robo saa gani? Mkisubiri mnalala.

#13 Tai wa Deira

Dubai huku hakuna kelele. Kuna kiwango cha chini, ukipandia uwanja wa ndege mita inaanza juu zaidi, ukipita geti la Salik (tozo ya barabara) linaongezwa juu ya bei. Dereva akikataa kukupeleka kwa sababu ni karibu, unachukua namba unamripoti. Lakini magari ni ya makampuni yenye leseni ya mji, dereva si mjasiriamali, na akikosa kufikia lengo lake ni shida yake na kampuni. Msichukue mita mkaacha hayo mengine.

#14 Kiroboto

Nyie mnahangaika na kilomita. Apu zinasoma chaji ya simu yako! Ukiwa na asilimia tano bei inapanda. Nimejaribu.

#15 Mhasibu Mchovu

Mkuu Kiroboto, hili linazunguka tangu 2016. Asili yake ni mtafiti wa uchumi wa Uber, Keith Chen, aliyesema kwenye redio ya Marekani kwamba takwimu zao zinaonyesha mtu mwenye chaji ndogo huikubali bei iliyopanda kwa urahisi zaidi. Hapohapo akasema kampuni haitumii hilo kupanga bei. Watu wakabeba nusu ya kwanza.

Jaribio lako lina tatizo: simu ya mtu huisha chaji jioni, na jioni bei inapanda kwa kila mtu. Weka simu mbili mezani, moja imejaa moja inakata roho, mahali pamoja, dakika ileile, safari ileile. Na hata hapo zikipishana, moja inaweza kuwa imepewa punguzo.

Punguzo lenyewe ni chanzo cha ugomvi mkubwa kuliko chaji. Kampuni inampa abiria ofa, simu yake inasoma 6,000. Simu ya dereva inasoma 9,000. Tofauti kampuni itamwekea dereva baadaye kwenye akaunti yake ya kule. Abiria anatoa elfu sita keshi, dereva anaona kaibiwa, abiria anaona anaongezewa. Wote wako sahihi kwa skrini zao.

#16 Kiroboto

Sawa profesa. Bado naamini wanasoma.

#17 Fundi Vipimo

Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeligusa. Pampu ya mafuta ina lakiri na stika ya Wakala wa Vipimo. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa. Mita ya teksi katika nchi zinazoitumia hufungwa lakiri vilevile, kwa sababu ukivaa tairi ndogo au iliyokwisha, inazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule na mita inasoma zaidi. Kwa hiyo kuna mtu wa serikali anayekagua hadi tairi.

Apu inapima kilomita kwa setilaiti na simu ya dereva. Katikati ya maghorofa ya Posta alama inaruka mtaa wa pili. Nani anakagua kwamba kilomita 11 ni 11? Na kile kizidishio cha bei ikipanda, nani anakagua kwamba kweli wateja wamezidi magari? Bei ya daladala naijua kwa sababu LATRA wameitangaza. Hiki kizidishio nakiamini kwa imani.

#18 Usukani wa Kale

Fundi umeuliza swali zito kuliko uzi wenyewe.

Kwenye kilomita, siku hizi nyingi zinakuonyesha bei mbele kabisa, imekokotolewa kwa njia inayotarajiwa na foleni inayotarajiwa. Ukifika kwa njia hiyohiyo unalipa hiyohiyo. Ikibadilika ni kwa sababu umeongeza kituo, umebadilisha unakokwenda, umemchelewesha dereva getini kwako, au njia imebadilika sana. Kwa hiyo abiria anakingwa na setilaiti inayoruka. Anayebaki na hasara ni dereva, maana foleni ikizidi makadirio, dakika za ziada mara nyingi zinamwangukia yeye.

Kizidishio ndicho giza. Na vijana wamelijua: mvua ikianza kunyesha, wanazima simu kwa pamoja dakika chache, magari yanapungua kwenye ramani, bei inapanda, wanawasha. Sisemi kila mahali. Nasema nimeona.

#19 Binti wa Tegeta

Kumbe!!! Halafu mnaita kompyuta haimwonei mtu.

#20 Yakhe wa Darajani

Huku Unguja hatuna makuu. Mgeni bei ya mgeni, mwenyeji bei ya mwenyeji, na mwenyeji anayevaa kama mgeni atajiju. Ukitaka bei ya haki muulize mtu wa duka la karibu kwanza, kisha nenda kwenye teksi ukaitaje wewe. Anayetaja mwanzo ndiye anayeumia.

#21 Nyuki Mkali

Ndiyo maana apu ya inDrive imewakaa watu. Unaandika bei yako, dereva anakubali au anaongeza, mnakutana. Hao walianzia Yakutsk, Urusi, kwenye baridi kali, watu wa mji walipojikusanya mtandaoni kupinga teksi zilizopandisha bei mwisho wa mwaka 2012. Wameenda kuzunguka dunia nzima kutuuzia kile tulichokuwa tunafanya pale Manzese.

#22 Shaba ya Umoja

Na hapo ndipo hoja ya mwenye uzi inaonekana vizuri. Kwenye hiyo ya kupatana, dereva akiona unaenda mahali pa kurudi mtupu, anaongeza papo hapo. Kilomita tupu zimerudi kwenye bei ya abiria. Lakini pia kuna dereva mwenye njaa atakayekubali bei isiyofika hata mafuta, na akishakubali yeye, wewe wa pembeni umeharibiwa soko. Kijiweni wazee wangemwita wamkanye. Kwenye simu humjui hata sura.

#23 Mama Kulwa

Samahanini nawakatisha. Mimi nimesoma yote nimeelewa nusu. Mwanangu anatoka bara na basi wiki ijayo, anashuka Stendi ya Magufuli saa tano usiku, anakuja Kigamboni upande wa Kibada. Ana mizigo. Nimwambie alipe ngapi asilizwe?

#24 Usukani wa Kale

Mama Kulwa, shikamoo. Bei kamili nikikutajia nitakudanganya, ila nikupe namna ya kuipata.

Kabla basi halijaingia stendi, afungue apu mbili aweke safari yake, aangalie bei bila kuita. Hiyo ndiyo sakafu yake. Achukue bei hiyo, aongeze kama robo hadi theluthi, kwa sababu ni usiku na dereva wa kutoka Mbezi, stendi ilipo, akienda Kibada hana uhakika wa kichwa cha kurudi. Hiyo ndiyo dari. Akitajiwa ndani ya hapo asibishane sana, apande. Akitajiwa mara mbili yake, aondoke kwenye mlango mkubwa wa stendi. Pale wanaomvuta mkono wengi si madereva, ni madalali wa madereva, na chao kimo ndani ya bei.

Aangalie gari lina namba nyeupe ya biashara. Aseme mizigo yote mwanzoni, na asikubali "tutaelewana mbele".

#25 Mama Kulwa

Marahaba mwanangu. Na pesa ya daraja la Kigamboni analipa nani?

#26 Usukani wa Kale

Ya kwenda ni ya abiria. Ya kurudi ndiyo yenye maneno: wengine wanaiweka humohumo, wengine wanakumbuka wakifika getini. Mwambie aulize kabla gari halijaondoka stendi: "Hii bei ina daraja kwenda na kurudi?" Akijibiwa ndiyo, asikie na abiria au mpagazi aliye jirani.

#27 Binti wa Tegeta

Mama, na akutumie namba ya gari kabla hajafunga mlango. Apite njia ya daraja. Saa hizo pantoni atasubiri, na mizigo hiyo ataishusha na kuipakia mara mbili.

#28 Mama Kulwa

Haya wanangu, nimeandika yote kwenye karatasi. Hiyo apu ya pili inaitwaje?